YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIPIMA MNATO MLICHOTUUZIA NA MWENENDO WA FUNDI WENU

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampala.

Mheshimiwa Meneja,

Kwa heshima zote, nalalamikia kipima mnato, yaani mashine ya kupima jinsi kitu kilivyo kizito kutiririka, mlichokiuzia kiwanda chetu cha siagi ya karanga hapa Lira, na zaidi ya hapo namlalamikia fundi wenu, ambaye mbele ya wafanyakazi wangu alichovya kidole kwenye sampuli na kutamka kwamba mashine ni nzima, ila huu uji wetu ndio haueleweki.

Siagi ya karanga si mafuta ya kupikia: haitiririki mpaka isukumwe kwa nguvu ya kutosha, na kadiri inavyozungushwa kwa kasi ndivyo mnato wake unavyopungua. Niliyaeleza hayo kabla ya kulipa, nikaomba kijiti cha kuzungushwa ndani ya sampuli, chenye mapezi manne, kinachoingia kwenye vitu vizito bila kuvivuruga sana. Mkaleta kisahani cha vimiminika vyepesi. Kisahani hicho huchimba shimo ndani ya siagi, mafuta yakajitenga pembeni, kikabaki kinajizungukia humo huku namba zikishuka. Namba hizo ndizo fundi alizozijaza kwenye cheti cha uhakiki wa mashine na kuzigongea muhuri.

Tena mapema siku hiyo, alipohakiki mashine kwa mafuta maalumu ambayo mnato wake unajulikana katika joto lililoandikwa kwenye chupa, nyuzi 25 za Selsiasi, hakupima joto kabisa, ilhali chumba kilikuwa kinawaka kwa joto. Nilipomwonyesha maandishi hayo ndipo alipochovya kidole. Nalirudia jambo hili kwa kuwa linaniuma: bila hata kunawa, alikichovya kwenye sampuli niliyoiacha itulie tangu asubuhi, akakifuta kwa kitambaa cha maabara, akawageukia mabinti wanaojifunza kazi kwangu na kuwaambia, "Mama yenu hajui kipimo." Sampuli ile haikufaa tena, maana siagi iliyovurugwa haipimwi kama iliyotulia.

Nilikusudia kudai kijiti sahihi tu. Kwa kuwa simu zangu hampokei, sasa nadai kijiti hicho, uhakiki mpya wa mtu mwingine kwa gharama zenu, cheti kile kifutwe kwa maandishi, na fundi aje kuomba radhi mbele ya mabinti wale wale. Mkikaa kimya siku 14 tangu kupokea barua hii, sitataka kijiti tena: nitadai fedha zote zirudishwe, na cheti hicho nitakiwasilisha kwa Shirika la Viwango la Uganda na kwa wakili wetu.

Wenu,
Msimamizi wa Ubora,
Lira.