Mbona chupa za kijani twazitupa na huku oda yako yangoja

Wiki jana mzee wetu mmoja wa Kakuyuni, mteja wa tangu tulipofungua, alikuja hapa dukani kwetu Malindi na hasira kidogo, na alikuwa na haki. Miche yake 200 ya ndizi ya tishu kalcha, yaani inayokuzwa ndani ya chupa kwenye maabara, tulimuahidi ataipata mvua za vuli zikianza, sasa twamwambia angoje wiki sita tena, na akiwa bado amesimama pale kaunta akamuona kijana wetu atoka nyuma na karai limejaa chupa zenye vimche vya kijani kabisa, vizuri kwa macho, yuenda kuvimwaga. Akaniuliza, "Mwanangu, vyangu vyangojewa na hivi vyatupwa?"

Nilimjibu lakini kwa haraka, watu walikuwa wengi. Kwa hivyo naandika hapa kwa ajili yake na kwa wote mliolipa nusu mkawa mnangoja, Ganda, Jilore, Gede, Mambrui, manake twawauzia miche na hatujawahi kuwaeleza vizuri kinachofanyika nyuma ya ule mlango wa kioo.

Mche huu hauanzi kwa mbegu. Twachukua chipukizi la mgomba mama mwenye afya, twalimenya ganda baada ya ganda mpaka kibaki kile kitovu cha ndani kinachokua, twakitia kwenye chupa yenye chakula kilichoganda kama jeli, na humo kitaanza kutoa vichipukizi, tukivigawa kila wiki tatu nne hivi kimoja chawa vingi. Hicho chakula twakipika kwa fomula ya wanasayansi Murashige na Skoog, walioitoa mwaka 1962 wakifanya kazi na tumbaku, na mpaka leo ndiyo karibu kila maabara ya mimea yaitumia: madini, vitamini, homoni za mimea, agari ya kugandisha, na sukari, kwa kawaida gramu 30 kwa lita moja.

Hiyo sukari ndiyo kazi yote ilipo. Ni uji mtamu, umekaa kwenye chumba cha nyuzi 25 hivi, na bakteria akipata chakula na joto linalomfaa kabisa kuna aina ambazo zagawanyika kila dakika 20. Piga hesabu kwa mwendo huo: kidudu kimoja kikiingia saa mbili asubuhi, ikifika saa tisa mchana vimeshapita milioni 2, na kale kammea saa hizo hakajaongeza hata unywele. Kule shambani mgomba waishi na bakteria na ukungu kwenye udongo na hauna neno, lakini ndani ya chupa hakuna mashindano, chakula chaliwa chote na mmea wachacha. Ndiyo maana hapa kitu kuwa kisafi hakutoshi. Meza uliyoipangusa kwa sabuni ni safi lakini bado ina vidudu. Sisi twataka ndani ya chupa kusiwe na kilicho hai isipokuwa mgomba peke yake.

Chakula na chupa twaviua vidudu kwa otoklevu, ambayo ukiiona utasema ni presha kuka kubwa, na kweli ndivyo ilivyo. Maji kuchemka kwa nyuzi 100 hakutoshi, kuna bakteria wana mbegu ngumu zinazostahimili kuchemshwa, kwa hivyo twapandisha mvuke mpaka nyuzi 121, presha ya ratili 15 kwa inchi ya mraba, na chupa zetu ndogo twazipa dakika 20. (Hapa Malindi tuko usawa wa bahari, geji husoma vile vitabu vinavyosema. Ukienda Nairobi, ambako maji yachemka kwenye nyuzi 94 hivi, lazima uongeze presha kidogo ndio ufike 121.)

Sasa mwaka jana tulipoteza karibu chupa 300 kwa wakati mmoja, na naeleza kwa sababu tulijifunza hapo. Oda zilikuwa nyingi, tukajaza otoklevu mpaka juu, chupa zimebanana kama dagaa, ile tepu ya kuonyesha joto ikabadilika rangi vizuri tukajua mambo yako sawa. Kumbe tepu yaonyesha tu kuwa nje pamepata joto, katikati ya ule mrundo mvuke haukupita. Siku ya nne ukungu mweupe, mweusi, wa kijani, kila aina. Tangu siku hiyo twaacha nafasi baina ya chupa na chupa, na chakula kikishapikwa twakiweka wiki nzima bila kutia mmea, tuone kama kitabaki angavu bila kuota kitu, ndipo tukitumie. Hiyo wiki moja iko ndani ya ule muda mnaongoja.

Kisha kuna mikono, na mikono ndiyo asili ya shida nyingi. Twafanyia kazi mbele ya kabati linalopuliza hewa iliyopita kwenye filta ya hepa, ambayo yashika zaidi ya chembe 99 katika kila 100, hata zile ndogo ambazo jicho halizioni. Twaliwasha nusu saa kabla ya kuanza. Lakini kabati halikuokoi wewe ukiwa mzembe, manake hewa safi yatoka nyuma yaja kwako, ukipitisha mkono juu ya chupa iliyo wazi basi umeishaimwagia vya mkononi mwako, ukiweka kopo kubwa mbele ya chupa umeikatia hewa. Kifuniko chashikwa kimetazama chini, hakilazwi mezani. Chupa hufunguliwa imeinamishwa kidogo, sekunde chache tu, yafungwa. Nywele zimefungwa, maski usoni, na hakuna kuongea, na hili watu wengi waliona ni ukali wetu tu ila mate ya mtu anayeongea yaruka mbali. Kibanio na kisu vyachomwa kwenye moto kila baada ya chupa moja, vyaachwa vipoe, ndio viguse mmea.

Spiriti ya kupulizia glavu na meza ni ya asilimia 70, na mara nyingi naulizwa kwa nini twaichanganya na maji tusitumie ile kali ya 96. Ile kali yakauka mara moja na yagandisha ngozi ya kidudu kwa nje tu, kikabaki hai ndani. Yenye maji huingia, hukaa, hufanya kazi. Na mkono wenye spiriti mbichi hausogei karibu na moto, hilo halina mjadala hapa.

Mmea wenyewe wala hauwezi kutiwa otoklevu, utaiva. Huo twauosha kwa maji yaendayo, kisha Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, iliyochanganywa na maji na matone ya sabuni, dakika 15 hadi 20, halafu twausuuza mara tatu kwa maji yaliyopita otoklevu. Na Jik yenyewe si ya kuamini tu kwa sababu ya jina, ikikaa kwenye joto na jua nguvu yapungua, kwa hivyo twanunua kidogo kidogo na twaiweka gizani.

Chupa ikiharibika (sisi twasema imeingiwa) hatuikimbilii kuitupa, twaitazama kwanza, na hapa ndipo napenda vijana wangu wawe na subira. Ukungu ukiota mbali na mmea, pembeni kwenye jeli, huo ulianguka kutoka hewani au mkononi. Zikiingiwa chupa zote za mpiko mmoja, hata zile zisizotiwa mmea, tatizo ni otoklevu. Ukiona vidoa vimejipanga mstari kama nyayo, kuna utitiri watembea chupa hadi chupa wabeba ukungu miguuni, na hapo rafu nzima yaondoka. Hata stima nayo yachangia, ikipotea chumba chapata joto, ikirudi chapoa ghafla, na chupa ikipoa yavuta hewa ya nje ndani, sasa na unyevu wetu huu wa pwani ndio hatari zaidi, ndiyo sababu tulinunua inveta kabla ya kununua kitu chengine chochote.

Halafu kuna ile ya mwisho, ambayo ni ya mzee wetu. Kuna bakteria wanaoishi ndani ya mgomba wenyewe, ndani ya nyama yake, Jik haiwafikii. Mwezi wa kwanza huoni kitu, wa pili huoni kitu, kisha siku moja chini ya mmea, pale unapogusa jeli, watokea utando kama maziwa yaliyomwagika. Juu mmea ni wa kijani, wapendeza. Zile chupa za kwenye karai zilikuwa zake, zote zilitoka kwa mgomba mama mmoja.

Mtu mmoja aliniambia si mtie dawa ya kuua bakteria ndani ya chakula, utando upotee, mpeleke. Utapotea kweli, lakini mara nyingi wamelala tu, hawajafa, ukimpa mteja mche ule ukafika kitaluni umetoka kwenye dawa, wataamka shambani kwake na pesa yake imeishalipwa. Mimi siwezi kufanya hivyo kwa mtu wa Sabaki aliyekopa apande ndizi.

Kwa hivyo tumeuacha ukoo mzima wa mama yule, chupa zilitoka kwenye lile karai zikapita otoklevu zikiwa zimefungwa kabla ya kumwagwa ili zisitusambazie bakteria, na mzee twampa miche ya mama mwengine ambayo sasa yatoa mizizi. Wiki sita ni za kuizoesha kitaluni chini ya kivuli, maana imekulia kwenye unyevu wa chupa, jua la Malindi litaiunguza siku ya kwanza ukiitoa moja kwa moja.

Mawili ya kuomba. Mkija msituletee machipukizi ya shambani mpaka ndani ya duka, yaacheni nje kwenye gari, udongo wake una yote ninayokimbizana nayo. Na mche ukitoka kwetu hauna ugonjwa wa ukungu wala fukusi, lakini hauna kinga pia, shimo ambalo mgomba wa zamani ulinyauka kwa mnyauko wa Fusari usilipande tena ndizi, ukungu ule waishi udongoni miaka mingi sana.

Mzee, ukisoma au mjukuu akikusomea, miche 200 yako imeandikwa jina tayari. Na kama huwezi kungoja, ile nusu uliyolipa iko hapa, njoo uichukue.