SUA si panya wa mabomu tu

Mhariri,

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kikitajwa, watu hukumbuka panya buku wanaonusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Sawa, lakini mkulima wa mahindi anahitaji zaidi utafiti wa panya shamba uliofanyika hapo hapo Morogoro. Panya huyu hufukua mbegu na kukata miche michanga. Wengi huweka sumu wakishaona mashimo ya mbegu matupu, wamechelewa. Iwekwe kabla ya kupanda, tena na majirani wote kwa pamoja, la sivyo panya wa shamba la pili watahamia kwako. Gazeti lako liandike haya wakati wa kutayarisha mashamba, si mbegu zikishaliwa.

Msomaji,
Morogoro