Selimundu haitoki kwa mama peke yake

Mhariri,

Mtaani kwetu mtoto akigundulika ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, lawama humwendea mama: eti ukoo wao una damu mbaya. Naomba nafasi nilipinge hilo.

Kuna jeni iitwayo HBB, iliyo kwenye kromosomu ya 11, yaani mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Ndiyo yenye maelekezo ya kuunda betaglobini, sehemu ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Herufi moja tu ya jeni hiyo ikibadilika, A ikawa T, kijenzi kimoja cha protini hiyo, asidi ya glutamiki, hukipisha kingine, valini. Basi! Himoglobini ikishaachia oksijeni hugandamana ikawa nyuzi, chembe hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndiyo maumivu yale ya kukesha.

Mtoto huugua akirithi nakala mbili za aina hiyo, moja ya mama na moja ya baba. Mwenye nakala moja kwa kawaida haumwi. Tena mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa nakala hiyo moja humkinga na malaria. Kwa hiyo baba anayemrudisha mkewe kwao kwa sababu hii, naye akapimwe.

Msomaji wenu,
Tanga