Mkuu wa familia ni nani, Mhariri?

Mhariri,

Ile habari yenu ya juzi, kwamba walimu wa Maarifa ya Jamii wahimizwe kutumia nadharia za sosholojia darasani, nimeisoma hadi mwisho. Mimi ni mwalimu mstaafu na nimenyamaza miaka mingi. Leo imenishinda.

Nadharia sina ugomvi nazo. Durkheim mwenyewe, yule mwanasosholojia Mfaransa, alikuwa akifundisha walimu kule Bordeaux tangu 1887, na hoja yake kwamba shule humwandaa mtoto kuishi katika jamii bado ina mashiko. Ila jamii ipi? Mwezi jana mjukuu wangu wa darasa la nne alirudi na karatasi ya jaribio la SST, hayo hayo Maarifa ya Jamii. Swali: mkuu wa familia ni nani? Kaandika "Bibi". Kapigwa kosa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa "Baba". Huyo baba yuko Juba, hata simu yake tunaipata kwa bahati. Anayelipa michango ya shule, anayeamua nani apelekwe hospitali, anayevuka mpaka hapa Busia alfajiri na gunia la dagaa, ni mimi. Nilipokwenda kuuliza, mwalimu, kijana mwenye adabu zake, akanifungulia mwongozo wa kusahihisha. "Mama, jibu ni moja. Nikikubali lingine nitaulizwa." Sasa hapo Durkheim aingilie mlango gani? Bourdieu, mwanasosholojia mwingine Mfaransa, alishasema shule humtuza mtoto kwa alichotoka nacho nyumbani, kisha ikakiita akili. Wangu katoka na ukweli, kakatwa alama.

Na jaribio lenyewe mwalimu hakulitunga. Ni la kununua, linachapishwa huko Kampala, nasi tunalilipia kila wiki huku tukiambiwa elimu ya msingi ni bure tangu 1997. Nyinyi magazeti nanyi hamjambo: matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yakitoka, ukurasa wa kwanza ni watoto wa pointi 4, yaani waliofaulu kupita wote, wamebebwa juu juu.

Kabla ya semina nyingine yenye marupurupu, watunzi wa miongozo hiyo waje Busia wiki moja ya Februari, shule zikifunguliwa, wapange foleni nami dirishani kwa mhasibu wa shule, wahesabu ni watoto wangapi wameletwa na baba. Posho na maharage nitapika mimi. Ile alama ya mjukuu wangu waje nayo.

Mwalimu mstaafu,
Busia, Uganda