Shangazi, nikate au niache akiba?

Kwako Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku na sijapata hata lepe la usingizi, kwa hiyo ukikuta nimeruka jambo au nimelisema mara mbili, nivumilie. Watu wa kwetu unawajua, siwaelezi upya. Safari hii ni habari ya nguo, na akiba ninayouliza ni ile nguo ya ziada inayobaki ndani ya mshono. Usicheke.

Nimepungua kilo 19. Nimepunguaje sisemi, na si ugonjwa, ingawa najua wanavyonong'ona. Kiuno kilikuwa sentimita 104, sasa ni 84, na kwa miezi mitano tepu haijasogea. Hiyo miezi mitano naitaja mapema makusudi, ili asije mtu akasema nimekurupuka. Kazi yangu ni ushonaji. Mteja akija mwili bado unashuka, namrudisha nyumbani mpaka mizani itulie miezi mitatu hadi sita, kwa sababu nguo ikibanwa mara mbili palepale hubaki na matundu ya sindano, na kitambaa chepesi huanza kuachia kwenye matundu hayohayo. Kwa hiyo sikukurupuka.

Basi dada yangu, ambaye tulikuwa tunavaa saizi moja, nikamwambia aje achague anachotaka kabla sijagawa. Akanijibu: "Ziweke tu. Utarudi."

Hakuwa na hasira. Alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu, wala hakuinua uso. Utarudi. Kama mtu anayekuambia kesho ni Jumanne. Sikumjibu vibaya. Nilimjibu, lakini si vibaya.

Shangazi, mimi najua ipi inaokoleka na ipi haiokoleki, hilo silihitaji kwa mtu. Watu hukimbilia kiuno, mimi naanza na bega. Mfupa wa bega haupungui, ila nyama iliyokuwa juu yake na mgongoni ikiondoka, mshono wa bega unateleza kuelekea mkononi. Ukivuka ncha ya mfupa kwa sentimita moja, wacha. Ukivuka mbili, inabidi mkono ufumuliwe, bega likatwe, kwapa lichorwe upya, na mkono wenyewe upunguzwe kichwani, la sivyo utakuwa mkubwa kuliko tundu lake na utajaa vikunjo. Kwa blauzi ya pamba naifanya. Kwa koti lenye bitana, pedi za mabega na kitambaa kigumu cha ndani, hiyo ni sawa na kushona koti jipya juu ya koti bovu. Makoti yangu mawili yalitoka siku ya kwanza. Mgongo ningeubana sentimita 4 nikapata umbo, lakini mabega yangebaki ya mtu mwingine.

Jinzi nazo zilitoka. Jinzi hubanwa katikati ya nyuma: unafumua kitanzi cha mkanda, unakata ukanda wa kiunoni, unafumua ule mshono uliolaliana, unatoa unachotoa, unarudisha kwa sindano namba 100 na uzi mnene. Kikomo ni kama sentimita 5. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inakaribia kugusana, na mishono ya pembeni inavutwa kurudi nyuma, mguu unapinda. Mimi nilihitaji 20. Kubana jinzi sentimita 20 ni kuiharibu ili usikubali kwamba si yako tena, na wateja wa namna hiyo ninao. Nilikuwa nawacheka.

Sketi za marinda zimebaki, hizo ndizo rafiki wa mtu aliyepungua. Sketi yenye marinda 16, kila rinda likilaliwa sentimita moja zaidi, zimetoka sentimita 16 bila mkasi kugusa kitu. Unafumua ukanda, unapanga, unashikiza kwa uzi, unapiga pasi, unafupisha ukanda, basi. Fulana na nguo zote za kunyumbuka nilizipitisha kwenye mashine ya ovaloki, na asiye na ovaloki atumie zigizaga nyembamba na sindano yenye ncha butu, maana mshono ulionyooka hukatika siku ya kwanza anapoinua mkono. Sidiria zote nimetupa. Sidiria iliyochoka haibanwi wala haigawiwi, na anayekuambia inabanwa hajawahi kuivaa.

Yaliyobaki ni mifuko mitatu, safi, vifungo vimekaza, zipu nimezijaribu moja moja, pasi imepigwa. Simpi mtu nguo yenye kwapa la njano nikaiita sadaka. Za pamba zilizochakaa nimezikata matambaa ya kufutia. Za poliesta hazifai hata kwa hilo, zinasukuma maji tu.

Sasa nirudi kwa dada. "Ziweke tu," anasema, kama vile nguo ni vyungu. Nguo haiwekwi tu! Jasho na mafuta ya mwili usiyoyaona leo yatakuwa madoa ya njano baada ya miezi, na ndiyo yanayoita wadudu kwenye sufu na hariri. Kwa hiyo hata ile iliyovaliwa mara moja inafuliwa na kukaushwa mpaka ndani ya mishono. Haitiwi wanga, wapo wadudu wanaokula wanga. Haifungwi kwenye nailoni, kwa sababu unyevu ukibaki ndani utakuta ukungu. Za kufumwa kama sweta zinakunjwa, ukizitundika zinarefuka mabegani. Mikunjo inabadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, la sivyo kitambaa kinachoka kwenye mstari uleule. Na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali visikae karibu na nguo za mtoto mchanga, kuna watoto wa kuzaliwa na upungufu wa kurithi wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu (G6PD) ambao damu yao huharibika navyo. Ukifanya hayo yote, bado lastiki inakufa yenyewe kabatini. Utatoa suruali baada ya miaka kadhaa, utaivuta, itatoa mlio kama karatasi na kubaki imelegea.

Nilimweleza yote haya. Akasema, "Sawa fundi." Shangazi, angesema kingine chochote!

Wala sikuzitandaza ili kumringia. Najua ndivyo anavyofikiri, kwamba nilitaka aone tepu. Nilimwita kwa sababu zinamtosha na nyingi nilizishona kwa kitambaa alichochagua yeye. Nyingine ni zake kwa haki, tulikuwa hatujui ipi ya nani. Akizichukua zote nitafurahi. Lakini ukweli ni kwamba nikimfikiria akipita mlangoni na lile gauni la kijani, moyo unakataa, na nguo yenyewe simpi. Nimesema sasa hivi akizichukua zote nitafurahi, najua. Zote ila hilo.

Hilo gauni ndilo lililonikesha.

Ni refu, limekatwa kwa mwili, na bega liko vizuri, limezidi kama nusu sentimita tu. Nimelivaa limegeuzwa ndani nje mbele ya kioo, na sidiria na viatu nitakavyovalia. (Kosa la wengi liko hapo. Ukibana kwa pini nguo ikiwa imegeuzwa, upande wa kulia unakuwa umekaa kushoto. Kama nyonga zako hazilingani, na za wengi hazilingani, utashona kipimo cha upande usio wake. Ndiyo maana baadaye nililigeuza sawasawa nikalivaa tena nikakagua pini.) Nimekaa kitini, nimeinua mikono, nimeinama kama naokota kitu. Kifuani nimebakiza sentimita 6 juu ya kipimo cha mwili, nyonga 5. Aliyepungua karibuni hutaka nguo imkamate, nami namkatalia, kwa sababu zipu ndiyo inayolipa. Anatoka ameridhika, anarudi baada ya wiki mbili meno yameachana pale kiunoni.

Hesabu yake hii hapa. Mishono miwili ya pembeni, kila mmoja unaingia sentimita 2, na kila sentimita inahesabiwa mara mbili kwa sababu kuna nguo ya mbele na ya nyuma: 8. Mshono wa katikati ya mgongo unaingia moja na nusu: 3. Ile mikunjo minne ya kiuno inayochongoka juu na chini, kila mmoja unakula moja na nusu zaidi: 6. Jumla 17. Zile 3 zilizobaki kufikia 20 sizitafuti. Ningezitafuta pembeni kifua kingevutika na kwapa lingeanza kukata.

Yote hayo nimeyapigia bandi, ile mishono ya muda ya mkono, uzi mweupe kwenye kijani, mishono ya milimita 5. Linanikaa, Shangazi. Linanikaa kama nililikata jana.

Tatizo ni kilichobaki ndani. Pembeni palikuwa na akiba ya sentimita moja na nusu, nimeingiza 2, kwa hiyo sasa kuna sentimita 3 na nusu za nguo zimelala pande zote mbili za mshono. Kwenye suruali ningeziacha. Suruali nzuri hushonwa na akiba pana katikati ya nyuma ili mtu akinenepa aachiwe, yaani mshono ufumuliwe na nguo ipanuliwe. Lakini huu mshono unabonyea kiunoni, na kwenye mbonyeo akiba pana haikubali kulala. Inavuta, inafanya uvimbe, na ukikaza pasi alama yake inatokea nje. Dawa yake inajulikana: punguza ibaki moja na nusu, kisha uichanje kwa ncha ya mkasi kila sentimita 2 kwenye mbonyeo, usiufikie mshono. Dakika kumi. Ila ikishapunguzwa na kuchanjwa, gauni hilo haliachiwi tena.

Nami mkasi nimeushika mara nne usiku huu.

Kwa mteja nisingejiuliza. Hata ile akiba anayoililia ni ya uongo. Baada ya kulivaa na kulifua mwaka mzima, nje patakuwa pamepauka na ndani hapajapauka, kwa hiyo ukiachia mshono unapata mstari wa kijani kibichi pembeni na safu ya matundu juu yake, kila mtu aone ulipokuwa. Ningemwambia hivyo, angekubali, ningekata. Sasa mbona kwangu sikati? Nikiiacha, ni kama nimekubaliana na dada, nimeweka nafasi ya kurudi na nimeishona kwa mkono wangu. Nikikata, halafu nikarudi kweli, maana watu hurudi, mimi si mtoto, wateja wangu wengine nimewabana na kuwaachia na kuwabana tena, basi atakuwa amesema kweli na gauni sina. Na sijui kipi kinaniuma zaidi, lile neno lake, au kwamba alipolisema nilikuwa tayari nimeacha akiba kwenye sketi mbili na sikumwambia.

Usiniambie nikaongee naye. Nitaongea naye. Anakuja Jumamosi, ana kitambaa anataka nimkatie, na atasimama palepale kwenye kioo nimpime, na kwa mara ya kwanza nitaandika namba zake kwenye ukurasa usio wangu. Zamani nilikuwa nakata kwa vipimo vyangu tu, vinamkaa. Niliposhika tepu mara ya mwisho hakutaka. Alisema namba anazijua. Labda hilo nalo lina maana, wewe utaona, mimi nimechoka kufikiri.

Wala sikuulizi kama atazichukua nguo. Akitaka mifuko ipo, asipotaka inaondoka Jumatatu, kuna watu wameshaziulizia. Ninachouliza ni hilo la mkasi tu. Na kama utasema nikate, sema pia kama nikate kabla hajaja au baada, kwa sababu akija atalichukua gauni kwenye kiti, ataligeuza ndani kama anavyofanya kila nguo yangu, na jambo la kwanza atakaloangalia ni nimeacha sentimita ngapi.

Nijibu kabla ya Jumamosi. Bandi ya mkono haivumilii, nimeshaijaribisha mara mbili na upande wa kushoto umeanza kuachia.

Fundi wako