Sindano ya Dira na Mkondo wa Umeme: Barua kwa Swahibu Aliyeko Bagamoyo

Ngamiani, Tanga

Swahibu yangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi, nakuarifu kwamba barua yako kutoka Bagamoyo imenifikia, nami nimelifikiria sana swali lako la namna ya kuwaonyesha wanafunzi mkondo wa umeme ilhali shule yenu haina maabara. Kwa kifaa kidogo cha kuonyesha mkondo huo, utahitaji dira ndogo, ganda la kiberiti na waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, ule ambao mafundi wanaosuka mota hubakiwa na vipande vyake.

Ingiza dira ndani ya ganda, kisha lizungushie waya mara 50 au zaidi kwa kufuata upande mmoja, ukiacha upenyo wa kuitazama sindano. Ncha zote mbili zikwangue kwa wembe mpaka shaba ing'ae.

Mimi nilipoteza siku mbili nzima baada ya hapo. Nilikiweka kifaa juu ya meza ya cherehani, nikaunga betri, sindano isitikisike, nami nikailaumu betri bure. Kumbe chuma cha cherehani kilikuwa kinaivuta sindano, na waya nao nilikuwa nimeulaza mashariki-magharibi. Sindano ya dira humtii bwana mmoja, yaani sumaku ya dunia, inayoielekeza kaskazini; waya wenye mkondo nao huwa na nguvu ya sumaku, na ukilala mashariki-magharibi, nguvu yake hufuata mstari uleule wa kaskazini na kusini, kwa hiyo sindano ama hutulia, ama hupinduka kabisa. Nilipohamia meza ya mbao na kukigeuza kifaa hata waya ukawa sambamba na sindano, ilikwenda kando mara moja, na nilipobadilisha ncha za betri ikaenda upande wa pili. Hicho ndicho alichokiona Hans Christian Ørsted wa Denmark mwaka 1820, na mwaka huohuo Johann Schweigger wa Ujerumani akauzungusha waya mara nyingi ili nguvu hiyo iongezeke.

Betri ya tochi iunge na waya kupitia balbu yake, kwani bila balbu waya hupata moto. Kisha chomeka kwenye limau kipande cha shaba na msumari wa bati uliopakwa zinki, visigusane, uviunge na ncha za waya badala ya betri: sindano itasogea digrii chache tu, nami nakiri kwamba mwendo huo mdogo ulinifurahisha kuliko ule wa betri.

Jambo moja nakusihi kwa moyo wote: kifaa hiki kisiungwe kamwe kwenye umeme wa nyumbani. Umeme huo hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo sindano haiwezi kuifuata, hivyo mtoto ataiona imetulia, adhani hakuna umeme, aushike waya.

Wasalimie wanafunzi wako wote, nawe uniandikie sindano ilivyosogea kwenye limau la Bagamoyo.

Ni mimi swahibu wako,
wa Ngamiani