Kiyoyozi kwenye lori la zamani la jeshi: anza na kabini, gesi iwe ya mwisho

Mwenye Bedford, Unimog au Leyland DAF ya jeshi akitupigia simu, swali lake la kwanza huwa bei ya gesi. Gesi ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kazi hii. Lori likiletwa kwetu Kisumu likiwa limeshafungwa AC kwingine na bado halipozi, mara nyingi gesi haina kosa lolote. Kabini inavuja, au umeme umeunganishwa kana kwamba gari ni la volti 12, au kondensa, ile redieta ya AC inayotoa joto nje, imewekwa pasipopita upepo. Kwa hiyo mpangilio wetu ni huu: kabini, umeme, kompresa (pampu inayosukuma gesi) na kondensa, gesi mwisho.

Kabini

Kabini ya lori la jeshi ni bati tupu. Hakuna kitambaa cha paa wala sponji nyuma ya dashibodi, na kwenye Unimog kifuniko cha injini kiko humo humo ndani, kati ya dereva na abiria. Ukifunga AC bila kugusa hilo bati, mashine itakuwa inapoza jua la Kondele hapa Kisumu na moto wa injini kwa pamoja, na haitashinda.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Usiku, mtu mmoja akae ndani taa zikiwa zimezimwa na milango imefungwa, mwingine azunguke nje na chini ya gari akimulika tochi kali. Kila unapoona mwanga ukiingia, ndipo hewa moto inapoingia mchana. Karibu kila mara utauona kwenye matundu ya pedali, kwenye mpira wa gia ya 4x4 uliochanika, penye nyaya zinazopita ukuta wa mbele, kwenye mipira ya milango, na kwenye kifuniko cha paa kama lori lako lina tundu la askari kusimama. Mpira wa mlango unauzwa kwa mita, na ndio ununuzi wenye faida kuliko yote utakayofanya kwenye kazi hii.

Baada ya kuziba, tunabandika shiti ya butili ya milimita 2 kwenye bati pana ili liache kutetemeka, halafu juu yake foamu ya seli zilizofungwa, unene wa milimita 10, kwenye paa, ukuta wa nyuma na sakafu. Kifuniko cha injini kinataka foamu ya kustahimili moto yenye karatasi ya alumini upande wa injini. Sponji ya godoro usiiweke kabisa: inanyonya maji na dizeli, bati linaoza chini kwa chini, na karibu na ekzosi inaweza kushika moto. Paa likipakwa rangi nyeupe, jua la saa nane linapungua nguvu kabla hata hujawasha kitu.

Wenye Land Rover ya turubai tunawaambia wazi: wekeni kwanza paa gumu, au angalau ukuta nyuma ya viti vya mbele. Kupoza turubai ni kupoza barabara.

Umeme wa volti 24

Hapa ndipo pesa nyingi za watu huungua. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, jumla 24. Fundi aliyezoea Probox hununua AC ya volti 12 kwa kuwa ni rahisi kupatikana, kisha anachota umeme wake kwenye betri moja tu. Feni inazunguka, mteja anafurahi, anaenda. Kinachotokea baadaye ni hiki: alternata inaona jumla ya volti kama 28 na kuridhika, lakini ile betri inayochotwa imekaa 12.6 na mwenzake anasukumiwa zaidi ya 15. Ya kwanza haijai kamwe. Ya pili inachemka, maji yake yanakauka, inavimba. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa na lawama wanabebeshwa waliouza betri.

Dawa ni kununua kila kitu cha volti 24: klachi ya kompresa (inayoishikisha na belti yake), feni za kondensa, feni ya ndani, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme). Angalia maandishi kwenye koili ya klachi yenyewe, wala si kwenye boksi. Klachi ya volti 12 ukiipa 24 inaungua. Ya volti 24 ukiipa 12 inateleza, inapata moto, na sahani yake inakuwa ya bluu. Ikiwa kuna kifaa kimoja cha volti 12 usichoweza kukikwepa, tumia kipunguza umeme kinachochota kwenye betri zote mbili.

Piga hesabu kabla ya kununua. Kwa mfumo wa kawaida wa volti 24, feni ya ndani hula ampea 8 hadi 10, feni mbili za kondensa 10 hadi 12, klachi kama 2. Jumla ni zaidi ya 20, na taa za mbele bado hujaziwasha. Alternata ya zamani ya ampea 35 itapumua kwa shida usiku, hasa kwenye foleni ambapo injini inazunguka polepole. Tunapima hivi: injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, AC na taa zote zimewashwa, mita iwekwe kwenye betri. Ikisoma 27 na zaidi, sawa. Ikishuka chini ya 26, betri ndizo zinazolisha AC, na alternata kubwa inatangulia kabla ya kitu kingine.

Kila laini ya feni ipitie rilei yake na fyuzi yake, waya wa milimita 4 za mraba, na ardhi, yaani waya hasi, irudi hadi kwenye chesisi iliyokwanguliwa rangi. Rangi ya jeshi ni nene. Bolti ukiikaza juu yake haishiki ardhi. Weka pia dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye koili ya klachi, maana kila inapozima hurudisha mshindo wa umeme unaochoma swichi.

Kompresa na belti

Kwa kabini ya lori tunatumia Sanden 7H15, ambayo husukuma sentimita za ujazo 155 kila mzunguko. Land Rover inatosheka na 5H14 ya 138. Hakuna breketi ya dukani kwa injini nyingi za jeshi, kwa hiyo tunakata ya bamba la milimita 10 au 12 na kuifunga kwenye bolti za injini yenyewe. Breketi iliyochomelewa kwenye chesisi ni kosa: injini inatikisika juu ya mipira yake, chesisi imetulia, belti inaruka au breketi inapasuka. Puli zinyooke kwa rula ya chuma, tofauti isizidi milimita 1.

Uwiano wa puli ndio husahaulika. Dizeli hizi zinazunguka polepole. Injini ya OM352 ya Unimog mwisho wake ni mizunguko 2,800 kwa dakika. Ukiweka puli ya kranki ya milimita 180 na ya kompresa 130, kompresa huzunguka karibu mara 1.4 ya injini: kama 840 injini ikiwa 600, na chini ya 4,000 ikiwa mwisho. Hapo inapoza ukiwa foleni na haivuki uwezo wake barabarani. Puli zikiwa sawa kwa sawa, utapata baridi ukiwa njiani tu, na Kisumu mjini utatoka jasho.

Kompresa isilale kichwa chini, na iwe juu kadiri nafasi inavyoruhusu. Wanaopita Ahero na Nyando msimu wa mafuriko wanajua kwa nini.

AC ina bei yake kwa injini pia: hula nguvu za farasi 4 hadi 6. Lori la lita 5 na zaidi halisikii. Land Rover ya dizeli ya lita 2.5 isiyo na tabo, yenye farasi 68, itasikia vizuri sana kuanzia Londiani kupanda Mau Summit. Kwa gari kama hilo tunaweka swichi mkononi mwa dereva azime AC kwenye kilima.

Kondensa

Mahali rahisi ni mbele ya redieta, lakini hapo injini hupokea hewa iliyokwisha kupashwa moto. Kama redieta yako tayari ina joto la kuhofisha ukiwa na mzigo, isafishe kwanza ama tuweke kondensa nyuma ya kabini au juu ya paa, yenye feni zake. Nyuma ya kabini iwe mbali na ekzosi, na iache nafasi ya kutosha pande zote mbili. Kagua upande feni zinakopuliza: waya zikigeuzwa, feni inazunguka vizuri kabisa huku ikipigana na upepo wa barabarani.

Swichi ya presha ni lazima, hata kama umeona AC nyingi zisizo nayo. Inakata kompresa gesi ikiisha, kabla haijajisaga bila oili, na inakata tena presha ikipanda kupita kiasi.

Gesi, na kwa nini geji ya Nakuru haifanani na ya Mombasa

Mipira ya kupitisha gesi iwe ile ya tabaka za kuzuia R134a (gesi ya AC ya gari) isipenye, oringi, yaani vipira vya duara vya viungo, ziwe za kijani na zipakwe oili ya kompresa kabla ya kukazwa. Draya, yaani kile kichujio kinachonyonya unyevu, hufunguliwa mwisho kabisa. Ikikaa wazi mezani tangu asubuhi imeshashiba maji ya hewa ya ziwani. Mipira ikiwa mirefu hadi nyuma ya kabini, oili kidogo huongezwa kwa sababu nyingine itabaki njiani.

Kisha tunajaza naitrojeni hadi psi 150 na kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Hewa ya kompresa ya kujaza magurudumu haifai, ina maji ndani yake.

Sasa vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu. Vitabu vinasema geji ifike karibu inchi 30 za zebaki. Hiyo ni pwani. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, na hewa yenyewe ina inchi 26 tu. Nakuru, mita 1,850, ina 24 hivi. Geji haiwezi kusoma zaidi ya hewa iliyopo. Kuna mafundi waliotupa pampu nzima kwa kudhani imechoka, na kuna wengine, wabaya zaidi, wanaosimamisha Kisumu kwenye 22 wakisema imekaribia. Haijakaribia. Ili maji yachemke na kutoka kwenye joto la digrii 30, geji ya Kisumu lazima ipite karibu 25. Tunaifikisha 26 na kuiacha dakika 45, halafu tunafunga na kutazama dakika 20 zaidi kama sindano inarudi. Nakuru asubuhi ya baridi, pasha injini kwanza. Unyevu ulio baridi hautoki kirahisi. Ukibaki ndani hugeuka barafu kwenye valvu ya kupanua gesi: AC inapoza dakika chache, inakata, inarudi ikipumzishwa.

Gesi tunaipima kwa mizani. Mfumo wenye mipira ya mita 6 hivi huchukua gramu 900 hadi 1,200. Kwa hewa ya digrii 30, presha ya chini ikae psi 25 hadi 40, ya juu 180 hadi 230. Kujaza hadi bomba lipige baridi mkononi ndiyo njia ya kupasua mipira na kuchemsha injini. Ukitumia jedwali la presha na joto, kumbuka geji ya Kisumu inasoma kama psi 2 zaidi ya jedwali la usawa wa bahari, na ya Nakuru kama 3.

Gesi ya kupikia kwenye AC ya gari, hapana. Inapoza, ni kweli, na ikivuja ndani ya kabini iliyozibwa vizuri inasubiri njiti moja tu.

Ya paani inayotumia umeme mtupu

Wengi sasa wanaulizia AC ya volti 24 ya juu ya paa, ile ya madereva wa masafa. Faida ni kwamba haina belti wala mipira mirefu, na tundu la kifuniko cha paa la lori la jeshi mara nyingi linaweza kuibeba kwa kutengeneza fremu. Lakini ikila ampea 40, betri mbili za ampea-saa 100 zilizo mfululizo bado ni ampea-saa 100, na ukizitunza usivuke nusu, una saa moja na robo injini ikiwa imezimwa. Inawafaa wanaolala kwenye lori na wako tayari kuongeza betri na alternata. Pima pia urefu: matawi ya barabara za mashambani hayatasamehe.

Baada ya kuichukua

Kondensa ioshwe kwa maji ya presha ndogo, kutoka ndani kwenda nje, kila mwezi kama unabeba miwa upande wa Muhoroni na Chemelil, na papo hapo baada ya kupita kwenye wingu la wadudu wa ziwani, maana wanaziba mapezi yote kwa usiku mmoja. Maji yakidondokea miguu ya abiria, bomba la kutolea maji limejaa vumbi. Lipulize, na hakikisha linateremka moja kwa moja. Belti mpya irudi kukazwa baada ya kilomita 500 hivi. Washa AC dakika kumi kila wiki hata wakati wa baridi, oili ifike kwenye sili ya kompresa.

Ukitaka bei, tutumie picha ya mbele ya injini puli zikionekana, picha ya kibandiko cha alternata, picha ya kabini kutoka kila mlango, na usomaji wa volti kwenye betri taa zikiwa zimewashwa. Kwa hizo nne tunakuambia kama kazi ni ya wiki moja au kama redieta na alternata zitangulie.